Hekalu la Wabuddha na Mti Ulio Moyo Wake

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza habari za hekalu la Wabuddha: jinsi linavyojengwa, maana ya kila sehemu yake, na sababu ya watu wake kulitunza kwa bidii nyingi. Huenda wengine watasema, "Sisi tukaao Tukuyu na Rungwe, katikati ya migomba na mashamba ya chai, tuna habari gani na mahekalu ya ng'ambo?" Swali hilo ni la haki, nalo lina majibu mawili. Kwanza, hekalu la namna hiyo halipo ng'ambo tu. Liko moja katika nchi yetu wenyewe, mjini Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1920. Pili, moyo wa hekalu hilo ni mti. Na watu wa Rungwe walijua heshima ya miti mitakatifu zamani sana, kabla hawajaonana na mgeni yeyote aliyevuka bahari.

Habari hii ilianzia darasani. Tulikuwa tukiwafundisha vijana wanaojifunza ualimu habari za dini za mataifa, tukasimulia kwamba Wabuddha wa kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 chaitwa Sri Lanka, huenda na mche wa mti wao mtakatifu hata nchi za mbali. Kijana mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, mtu mwenye akili zake aweza kuvuka bahari na mche ili aupande na kuuheshimu? Mti si mti tu?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, wala hatukumjibu upesi, kwa maana swali lake lilitukumbusha kosa letu wenyewe la siku za ujana. Kosa hilo tutalisimulia mbele. Kwanza na tulijibu swali.

BUDDHA NI NANI

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, karibu na milima ya Himalaya, alizaliwa mtu aliyeitwa Siddhartha Gautama, mtoto wa jamaa ya watawala. Wafuasi wake husimulia kwamba alikua katika raha zote, mpaka alipoona kwa macho yake uzee, ugonjwa na mauti. Hapo moyo wake ulifadhaika. Akaiacha nyumba yake na mali yake, akaenda kutafuta sababu ya mateso ya wanadamu na njia ya kuyaondoa. Alitangatanga miaka kadhaa. Mwisho alikaa chini ya mti mmoja mahali paitwapo Bodh Gaya, katika Bara Hindi, akatafakari mpaka akaona kwamba amepata nuru aliyoitafuta. Tangu hapo watu walimwita Buddha, maana yake "Aliyeamka."

Wabuddha wa Ceylon hawasemi kwamba Buddha ni Mungu aliyeumba mbingu na nchi. Humheshimu kuwa ni mwalimu mkuu aliyeonyesha njia. Na kwa kuwa aliamka chini ya mti, mti wa jinsi ile huheshimiwa pamoja naye, kama vile watu wanavyokiheshimu kiti alichokalia mzee wao.

Mti wenyewe ni wa jamaa ya mkuyu. Jani lake lina umbo la moyo, na ncha yake ni ndefu kama mkia, hivyo hutikisika hata upepo ukiwa haba. Wasinhala, yaani kabila kubwa la Ceylon, huuita mti huo Bo.

Vitabu vya kale vya Ceylon vyaeleza jinsi mti huo ulivyofika kisiwani. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo alikuwako mfalme mkuu wa Bara Hindi jina lake Ashoka. Mwanawe Mahinda aliipeleka dini ya Buddha Ceylon. Kisha binti yake Sanghamitta akafuata kwa jahazi, akichukua tawi la ule mti wa Bodh Gaya. Tawi hilo lilipandwa katika mji mkuu wa siku zile, Anuradhapura. Kwa hesabu ya Wasinhala ilikuwa mwaka 288 kabla ya Kristo. Mti huo ungali hai hata leo, yapata miaka 2,300 baadaye, nao huhesabiwa miongoni mwa miti mikongwe ya dunia ambayo kupandwa kwake kumeandikwa katika tarehe.

SEHEMU ZA HEKALU

Mtu aliyezoea kanisa au msikiti akisikia neno hekalu hufikiri nyumba moja kubwa ambamo watu wote hukusanyika. Hekalu la Wabuddha wa Ceylon si hivyo. Ni ua wenye sehemu kadhaa, na mwenye kuabudu huziendea moja baada ya moja, mfano wa mtu azungukaye mji wa mzee wake akiwaamkia wote waliomo.

Katika mahekalu ya kale, mgeni alipokaribia ngazi za mlango aliona kwanza jiwe la nusu duara lililolazwa chini, umbo lake kama nusu mwezi. Juu yake zimechorwa safu za wanyama: tembo, farasi, simba na ng'ombe, na katikati ua la yungiyungi. Mwenye kuingia alilikanyaga jiwe hilo kwa miguu mitupu, akajua kwamba sasa anaiacha njia ya kila siku na kuingia mahali pengine. Hata leo, katika hekalu lolote la Wasinhala, viatu na kofia huvuliwa kabla ya kuingia.

Ndani ya ua kuna jengo jeupe lenye umbo la mviringo, liitwalo dagoba. Hilo si nyumba, maana halina chumba cha kuingia watu. Limejazwa matofali toka chini hata juu, na ndani kabisa huhifadhiwa kitu kitakatifu, kama vile masalio ya Buddha. Mafundi wa kale walikuwa na maumbo kadhaa ya dagoba, na kila umbo lilikuwa na jina lake: mfano wa kengele, mfano wa povu la maji, mfano wa chungu, na mfano wa lundo la mpunga. Ndugu zetu wa uwanda wa Kyela, walimao mpunga, watalifahamu hilo la mwisho bila kuonyeshwa picha. Nao watafahamu vile vile kwa nini mafundi walilipenda: lundo lina tako pana na kilele chembamba, uzito wake wote hukaa chini, hivyo haliporomoki upesi. Juu ya lundo hujengwa kitu cha pembe nne mfano wa sanduku, na juu ya sanduku mnara mwembamba unaochongoka kuelekea mbinguni.

Msidhani kwamba majengo hayo yalikuwa madogo. Katika karne ya tatu baada ya Kristo mfalme Mahasena alianza kujenga dagoba la Jetavana huko Anuradhapura. Lilipomalizika kimo chake kilikuwa kama futi 400, likawa miongoni mwa majengo marefu kupita yote ya ulimwengu wa kale. Wenye kupima husema kwamba liliingia matofali yapata milioni 93. Ninyi mliowahi kufinyanga na kuchoma matofali ya nyumba moja, na kuona jinsi migongo inavyouma, pigeni hesabu hiyo wenyewe.

Watu hulizunguka dagoba kwa miguu, nalo daima huwa upande wa mkono wao wa kulia. Kuzunguka huko ndiko kuabudu kwenyewe. Mtu hatembei ovyo, bali huenda polepole na moyo wake umetulia.

Sehemu nyingine ni nyumba ya sanamu. Humo imo sanamu ya Buddha, ama ameketi na miguu imekunjwa, ama amesimama, ama amelala kwa ubavu wa kuume. Mara nyingi kuta zimechorwa picha za visa vyake, ili hata mtu asiyejua kusoma apate kufundishwa. Mbele ya sanamu watu huweka maua na taa. Maua hayo hunyauka kabla ya siku kwisha, nao husema kwamba hilo nalo ni fundisho: mwili wa mwanadamu nao utanyauka vivyo hivyo. Kando ipo nyumba ya watawa, ambao hunyoa vichwa na kuvaa nguo za rangi ya manjano au machungwa, na ipo pia baraza ambapo watu huketi kusikiliza mahubiri.

Sehemu tuliyoiweka mwisho kwa makusudi ni mti wa Bo. Huo haupandwi karibu na kuta, bali huinuliwa peke yake juu ya jukwaa la udongo lililozungukwa na ukuta wa mawe au matofali. Sababu moja ni heshima, ili mtu yeyote asiukanyage mzizi wake. Sababu nyingine waijua waashi. Miti ya jamaa ya mkuyu ina mizizi yenye nguvu sana. Ndege akila tunda na kuangusha mbegu katika ufa wa ukuta, mbegu huota, mzizi hushuka kutafuta maji, na baada ya miaka ukuta hupasuka. Kwa hiyo mti hupewa nafasi yake, na nyumba hupewa nafasi yake. Watu huja na vyungu vya maji, huuzunguka mti, kisha hunywesha mizizi yake.

MATOFALI NA MTI

Sasa tutazameni ni nini kilichoupata mji wa Anuradhapura, maana hapo ndipo penye jibu la yule kijana.

Mwaka 993 majeshi ya Wachola kutoka kusini ya Bara Hindi yaliuteka na kuuharibu mji huo. Makao ya utawala yakahamishiwa Polonnaruwa. Karne zikapita. Yale madagoba makubwa yaliyokosa watu wa kung'oa miche yaliota nyasi, kisha vichaka, kisha msitu. Mbegu zilizoletwa na ndege zilipasua matofali. Wageni waliofika hapo katika karne ya 19 waliona vilima vilivyofunikwa na miti, na mwenyeji ndiye aliyewaambia kwamba kilima hiki ni jengo. Baadaye msitu ulikatwa na majengo yakatengenezwa tena.

Lakini mti wa Bo haukuachwa. Watawa na wanakijiji waliendelea kuutunza, kizazi baada ya kizazi, hata hapo mji ulipokuwa pori na tembo walipopita mahali palipokuwa soko. Katika karne ya 18, katika utawala wa mfalme Kirti Sri Rajasinha, ulijengwa ukuta wa kuukinga mti na tembo hao. Mwaka 1907 dhoruba ilivunja tawi moja, na mwaka 1911 dhoruba nyingine ikavunja tawi jingine. Leo matawi yake ya kale yameegemezwa juu ya nguzo, kama mzee anavyoegemea fimbo.

Basi fikirini. Jengo la matofali laweza kusahauliwa miaka 800 na kisha kufukuliwa, likasimama tena. Mti wa namna ile hauwezi. Kama pangalitokea kizazi kimoja tu kilichopuuza, mti ungalikuwa umekwisha, wala hapana fundi awezaye kuujenga upya. Kwa hiyo Msinhala aupoutazama mti ule, haoni kuni wala kivuli tu. Aona kazi ya mikono ya babu zake wote, pasipo kukosekana hata mmoja.

HEKALU LA DAR ES SALAAM

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 Wasinhala kadhaa walivuka bahari kuja kufanya kazi katika nchi yetu. Hawakuwa wengi, wala hawakuwa na mfalme wa kuwajengea dagoba la matofali milioni 93. Walakini walichanga, na mwaka 1920 wakaanzisha hekalu lao mjini Dar es Salaam. Hutajwa kuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya Wabuddha katika bara zima la Afrika. Katika ua wake ulipandwa mti wa Bo.

Tangu siku hizo utawala wa nchi umebadilika. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na mji wa Dar es Salaam umekua ukawa na mamilioni ya watu. Hekalu dogo lingaliko. Sisi twaona kwamba hilo ni jambo la kustaajabiwa, kwa kuwa watu wachache katika nchi ya ugeni hupotewa upesi na desturi zao. Mtu asiye na kijiji cha mababu karibu naye, wala makaburi yao, akipanda mti atokao kwao, amejifanyia mahali pa kuwakumbuka. Kijana wetu aliuliza kama mtu mwenye akili aweza kuvuka bahari na mche. Jibu ni kwamba mche ndicho kitu pekee cha hekalu kinachoweza kuchukuliwa katika jahazi nacho kikafika kingali hai.

MISITU YETU YA MATAMBIKO

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Kinyakyusa hawakujenga mahekalu ya mawe. Nyumba zao zilikuwa za mianzi na udongo, nadhifu sana, hata wageni wa kwanza wa Ulaya waliofika katika miaka ya 1870 waliandika sifa zake. Lakini mahali pao patakatifu palikuwa msitu mdogo wenye miti mirefu, uliokua juu ya kaburi la mtawala. Msitu huo haukukatwa kuni, wala watoto hawakuchezea humo. Wenye kazi ya matambiko ndio walioingia, kuomba mvua, uzazi na afya ya watu na ng'ombe. Mkubwa katika misitu hiyo ulikuwa Lubaga, makao ya Lwembe, ambaye wazee husimulia habari zake kuwa ni shujaa wa kale. Na watawala wa sehemu mbalimbali walipeleka sadaka zao huko.

Mtazame, msomaji, jinsi mambo hayo yanavyofanana. Huko kuna ukuta wa kuzuia watu wasikanyage mizizi. Kwetu ukuta ulikuwa katazo la wazee. Huko watawa huulinda mti. Kwetu walikuwako walinzi wa ukoo. Hatusemi kwamba imani ni moja, kwa maana si moja. Twasema kwamba mwanafunzi wa Rungwe anao ufunguo wa kulifahamu hekalu la Wabuddha, nao aliachiwa na bibi na babu yake.

Na hapa ndipo tunapolazimika kusimulia kosa letu. Tulipokuwa vijana, kijijini kwetu palitakiwa nyumba mpya ya ibada, ya matofali ya kuchoma. Kazi ilikuwa njema, na watu waliipenda. Matofali yalifinyangwa, tanuru likapangwa, zikakosekana kuni za kutosha. Pakawa na msitu mdogo wa matambiko kando ya kijito. Wakubwa wetu walisema kwamba mambo yale yamepitwa na wakati, basi miti ikakatwa kwa siku nne. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliobeba kuni zile vichwani, tukiimba.

Mzee mmoja alikuja akasimama karibu na tanuru. Hakutukana wala hakulaani. Alisema tu, "Wanangu, nyumba hii mtaimaliza kiangazi hiki. Na hiki mlichokikata kilijengwa na nani, kwa miaka mingapi?" Hatukumjibu. Twakumbuka tulitazama chini mpaka alipokwenda zake.

Nyumba ile ingaliko, nayo ni nyumba njema. Watu wengi wamefarijiwa ndani yake, na sisi pia. Lakini chemchemi iliyokuwa chini ya msitu ule imepungua. Zamani mtungi ulijaa upesi hata katika kiangazi. Sasa kina mama hupanga foleni. Hatuwezi kusema kwamba miti ile peke yake ndiyo sababu, kwa kuwa mashamba nayo yameongezeka. Ila kila mwalimu wa kilimo atawaambia kwamba miti iliyo juu ya chemchemi hulipokea tone la mvua, ikaufanya udongo kuwa laini na kulizamisha maji ardhini badala ya kuyaacha yakimbie na udongo wote mpaka mtoni. Wazee walikataza kwa ajili ya kaburi, na katazo lao likalinda maji pia. Sisi tulilifahamu hilo baada ya kuni kuwa majivu.

Kuni nyingine zingalipatikana kwa mwendo wa saa mbili. Hilo ndilo linalotuuma. Tungaliweza kuwa na nyumba, na msitu pia, kama Wasinhala walivyoupa mti nafasi yake na jengo nafasi yake. Hakuna aliyetuambia tuchague kimoja. Tulichagua kwa haraka na kwa uvivu.

Hayo yote tulimweleza yule kijana mbele ya wenzake. Safari hii hawakucheka. Juma lililofuata alituletea daftari lake. Alikuwa amekwenda kwao, akamwuliza bibi yake habari za msitu uliokuwa juu ya nyumba yao, akaandika kurasa tatu: jina la aliyezikwa pale, majina ya miti kwa Kinyakyusa, nani alikuwa na haki ya kuingia, na kwa nini mtoto alikatazwa kuonyesha msitu kwa kidole. Bibi alimwambia kwamba katika miaka yake yote hakuna mjukuu mwingine aliyemwuliza.

Ndugu wasikilizaji, hatuwaambii mwabudu miti, wala hatuwaambii mfuate dini isiyo yenu. Twawaomba mambo mawili tu. Ukifika Dar es Salaam ukaona hekalu la wageni, usicheke mlangoni; vua viatu, uliza kwa adabu, nawe utajibiwa. Na kabla hujaenda huko, chukua daftari na kalamu, nenda kwa bibi yako au kwa mzee wa kijiji, umwulize ni msitu gani uliokuwapo, ulipandwa au ulilindwa na nani, na ni miti mingapi iliyobaki. Andika majina yote. Mahali penye mti mmoja uliosalia, uzungushieni uzio wa mianzi kabla ya kiangazi cha kuchoma matofali hakijafika.